CHOKEA SI UCHAWI, WALA HUJAMCHUNGULIA MTU!

Wiki hii tunaliangalia jicho. Najua mmezoea hapa mambo ya saluni na mapenzi, lakini hebu niambie, utamrembulia nani macho kama kope imevimba kama andazi?

Mimi mwenyewe yamenikuta. Siku mbili kabla ya sendofu ya binamu yangu niliamka jicho linauma, kutazama kwenye kioo nakuta kijipu ukingoni mwa kope. Chokea! Nyumba nzima ikaangua kicheko: "Umemchungulia nani bafuni wewe?" Shangazi akasema nipake mate ya asubuhi. Jirani akaja na sindano, eti atumbue fasta. Kwa kiherehere cha sherehe nikamwachia. Siku ya siku uso ulivimba hadi shavuni, na homa juu. Vigelegele nilisimuliwa, mimi nilikuwa kwenye foleni ya hospitali.

KUMBE NI KIJIPU TU
Kwenye ukingo wa kope kuna mashina ya nywele na vitezi vya mafuta. Bakteria wanaokaa kwenye ngozi zetu wakipenya humo, usaha unajaa. Basi, hakuna cha kuchungulia wala kulogwa.

Tiba yake ni rahisi. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto yasiyounguza, kikamue, weka juu ya jicho ukiwa umelifumba, dakika 5 hadi 10, mara 3 au 4 kwa siku. Chokea kingi hupona ndani ya wiki moja au mbili. Usikiminye wala usikitoboe, maana uchafu unausukuma ndani. Ukiona uvimbe mgumu usiouma umeng'ang'ania kwa wiki kadhaa, hicho ni kitezi cha mafuta kilichoziba. Maji ya moto husaidia, ukigoma daktari wa macho anaupasua kwa ganzi.

Na kama chokea hakikuachi, leo kulia kesho kushoto, tazama kama una magamba kwenye mashina ya kope. Yasafishe kila siku kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la shampuu ya watoto. Halafu kapime sukari.

MACHO MEKUNDU
Mnakumbuka Januari 2024 Dar es Salaam? Kwenye daladala miwani nyeusi kila kona, utadhani wote mastaa! Wizara ya Afya ikaeleza kuwa ni virusi, lakini mtaani watu waliendelea kukosha macho kwa majani ya chai na maji ya chumvi. Jamani! Virusi hivyo havisikii hata antibayotiki. Kwa wengi huisha vyenyewe ndani ya wiki moja hadi tatu. Kazi yako ni kunawa mikono kwa sabuni, kuweka kitambaa cha maji baridi, kuacha kufikicha, na kutochangia taulo wala mto.

Usaha mzito wa njano unaogandisha kope asubuhi, hao mara nyingi ni bakteria, na dawa utaandikiwa. Macho yote mawili yakiwasha kila msimu wa vumbi, hiyo ni aleji. Ila mtoto mchanga akitoa tongotongo za usaha, usisubiri kesho, mkimbize hospitali.

KASHESHE YA KICHUPA
Hapa naomba tusikilizane. Kuna kijana wa bodaboda mtaani kwetu, vumbi na upepo vilimpa macho mekundu kila jioni. Dukani akauziwa kichupa cha matone. Akadondosha mawili, macho meupe pee! Kikiisha ananunua kingine, mwaka ukapita. Siku moja akagonga toroli la maji lililokuwa ubavuni mwake, anaapa hakuliona. Kupimwa, presha ya macho imeshaula mshipa wa kuonea. Kilichopotea hakikurudi. Pikipiki kaiuza, na ana miaka 26 tu.

Kichupa kile kilikuwa na deksamethasoni. Dawa za jamii hiyo huzima wekundu haraka bila kugusa chanzo. Ukizitumia muda mrefu kienyeji hupandisha presha ya jicho, huleta mtoto wa jicho, na kama kuna kidonda cha fangasi au cha virusi vya malengelenge, humwagia petroli kwenye moto. Mara nyingi huwa zimechanganywa na antibayotiki kwenye kichupa kimoja, kwa hiyo soma lebo: deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni. Si sumu, ila ni za kuandikiwa na daktari anayekupima presha ya jicho, si za kuazimana na jirani.

DADA ZANGU
Maskara na wanja si vya kuchangia, hata na shoga wa kufa na kuzikana. Maskara ikifikisha miezi 3, au ukiugua macho, tupa. Usilale na mekapu. Wanja wa unga usiojulikana ulikotoka uuogope, baadhi huwa na madini ya risasi. Kope za bandia gundi ikikuwasha, bandua, urembo si vita.

KIMBIA HOSPITALI
Ukiona ukungu, mwanga unakuchoma, jicho linauma kwa ndani, kope yote imevimba na una homa, jicho limetokeza, au kemikali imeingia, usianze kuuliza mtaani. Kemikali, kwanza osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 30, ndipo uondoke.

Yule kijana siku hizi anauza vocha pale kijiweni. Akisikia mtu anaomba aazimwe dawa ya macho, humwita, humkalisha kwenye benchi na kumweleza yaliyompata. Wewe umeshasoma, usingoje kukalishwa.

Tukutane wiki ijayo!