Zélie wangu
Katika riwaya ya Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi (2018), Amari ana sifa zake, lakini mimi niko upande wa Zélie. Mdomo hauna breki, na fimbo inafika kabla ya akili! Kaenda sokoni Lagos kuuza samaki, akaondoka na Amari, binti mfalme aliyetoroka ikulu, askari wakiwa nyuma yao. Kilichoninogea zaidi katika riwaya hiyo ni maneno ya uganga kutamkwa kwa Kiyoruba. Yale mapenzi ya Zélie na Inan, kaka yake Amari, ndiyo yaliyonikera: mtu anakuwinda msitu mzima, halafu ghafla moyo unalainika? Hata hivyo, wa kupewa pole ni kaka yake Zélie, Tzain. Kila balaa la dada linamwangukia yeye.