Rudisheni Merikebu, Minyororo Muiache

Kuna maneno matatu yanayotumiwa sana kumfunga mtu mdomo: "Ni mchezo tu." Yalisemwa tena mwaka 2022, kampuni ya Marekani iitwayo Wizards of the Coast ilipoufufua ulimwengu wa mchezo wa zamani, Spelljammer, na baadhi ya wachezaji, wengi wao weusi, wakalalamika. Kisangani ni wachache waliousikia mchezo huo. Lakini hadithi iliyoleta malalamiko hayo, wazee wa mji huu wangeitambua kabla haijafika mwisho.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa asiyeujua. Ni wa familia ya Dungeons & Dragons, iliyoanza Marekani mwaka 1974. Hauna karata, na unaweza kuchezwa bila ubao. Watu wanne au watano wanakaa pamoja, mmoja wao akiwa msimulizi. Anasema: mmefika mlangoni, ndani kuna kishindo, mnafanya nini? Kila mmoja anajibu kwa niaba ya mhusika wake, kisha dadu inaamua kama amefaulu. Aliyewahi kukaa karibu na moto bibi akisimulia na watoto wakiitikia, nusu ya mchezo huu anaijua tayari. Tofauti ni kwamba hapa mtoto anaweza kumkatiza bibi na kubadilisha hadithi.

Spelljammer ilitoka mwaka 1989, kazi ya Jeff Grubb kwa kampuni ya TSR. Ndani yake merikebu za mbao husafiri angani kati ya nyota, na kinachoziendesha ni nguvu ya mtu mwenye uchawi aliyekaa kwenye kiti maalum. Kila merikebu hubeba hewa yake yenyewe, na hewa hiyo huchakaa. Kwa kanuni za zamani, ukipakia watu kupita kiasi inachakaa mapema, na nahodha anabaki na swali la nani ashuke wapi. Familia zilizovuka mto kutoka Lubunga mwaka 2023, mtumbwi umejaa watoto, magodoro na kuku huku nyuma moshi unapanda, hazihitaji maelezo zaidi kuhusu kanuni hiyo.

Miaka ya 1990 TSR iliacha kuutoa ulimwengu huo, na mwaka 1997 kampuni yenyewe ikanunuliwa na Wizards. Wapenzi waliendelea kuuchezea majumbani kwao. Agosti 2022 ukarudi: vitabu vitatu vya kurasa 64 kila kimoja, kwa karibu dola 70. Wakongwe walinung'unika kwamba vita vya merikebu vimepewa kanuni chache mno. Hilo ni la wakongwe.

Kubwa lilikuwa la Wahadozee. Hao ni watu-nyani, mabaharia hodari waliokuwamo tangu Spelljammer ya zamani. Kitabu kipya kikawaongezea asili. Mchawi alifika kwao, akawakamata kwa wingi, akawanywesha dawa iliyowapa akili, akiwa na mpango wa kuwafanya jeshi la kumuuzia mwenye fedha nyingi. Waliokolewa kwa msaada wa wanafunzi wa mchawi huyo huyo. Kwa hiyo watu hao akili waliipewa na bwana, na hata uhuru ulipita mikononi mwa watu wa nyumba ya bwana.

Isomwe sasa ukiwa umesimama Kisangani. Februari 1887, huko Zanzibar, Stanley alikubaliana na Tippu Tip kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili: Tippu Tip awe gavana wa Stanley Falls, yaani hapa hapa kwenye maporomoko ya Wagenya, na atoe wapagazi kwa safari ya Stanley. Mfanyabiashara ya pembe na watumwa akapewa mshahara na bendera. Kiswahili chenyewe kinachosemwa leo sokoni kilifika na misafara ile. Watu walikamatwa, wakahesabiwa, wakauzwa, na kitabu kikaandikwa kwamba walikuwa wanaletewa ustaarabu.

Au isomwe ukiwa New York. Septemba 1906, Ota Benga, Mbilikimo kutoka Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, watu wakimiminika kumtazama pamoja na nyani. Wachungaji weusi wa mji huo ndio waliopiga kelele hadi akatolewa. Mwaka 1916 alijiua. Shirika linaloendesha bustani ile liliomba radhi mwaka 2020, miaka 114 baadaye. Na miaka miwili tu baada ya radhi hiyo, nchi ile ile, kinachapishwa kitabu cha kuchezea vijana chenye nyani waliokamatwa na kupewa akili na bwana. Kwamba walioandika hawakukusudia ubaya, inawezekana kabisa. Hapo ndipo penye tatizo: hakuna aliyeliona.

Haki itendeke. Mwanzoni mwa Septemba 2022 kampuni iliomba radhi na kuiondoa hadithi hiyo, na Novemba ikatangaza kwamba kila neno na kila picha vitapitiwa na washauri wa nje kabla ya kuchapwa. Ni hatua nzuri. Ila swali la nani alikuwa mezani kabla ya kitabu kwenda mtamboni halijibiwi na radhi. Anayefufua kitu cha zamani kwa ajili ya wachezaji wapya anapaswa kukifungua sanduku mbele yao, wasaidiane kuchagua cha kubaki. Yeye alilifungua peke yake, akaongeza uozo mpya juu ya wa zamani.

Kuna na wengine katika vitabu hivyo: Wagiff, watu wenye vichwa vya kiboko, mamluki wanaopenda baruti na magwaride, wamechorwa kama maofisa wa kikoloni wa Uingereza. Wanatakiwa kuchekesha. Katika mji ulioasiwa na mamluki Julai 1967, ambako kiboko ni jina la mnyama na pia la mjeledi, kicheko hicho kitachelewa kidogo.

Wenye "ni mchezo tu" waulizwe jambo moja zaidi. Kwa miaka mingi Dungeons & Dragons ilifundisha kwamba kila kabila la mchezo lina tabia lililozaliwa nayo: hawa wakali, wale waovu, hawa werevu. Mwaka 2020 kampuni yenyewe ilikiri kwamba hilo lilikuwa kosa. Tangu Februari 2023 mgogoro kati ya Wambole na Walengola, ulioanzia kwenye ardhi, umeteketeza nyumba na kuwasukuma maelfu mjini. Watoto waliokimbia wanasikia kila siku, kwa watu wazima wa pande zote, sentensi inayoanza na "Wale ndivyo walivyo." Mchezo unaorudia sentensi hiyo kwa meli na nyota si mchezo tu. Na mchezo unaompa mtoto nafasi ya kuwa mtu wa upande ule kwa saa mbili, atetee maisha yake, agawane naye hewa ya merikebu, nao pia si mchezo tu.

Wapo watakaosema ni ndoki. Marekani ya miaka ya 1980 makanisa mengine yalisema hivyo hivyo, kwamba ni ushetani, na watoto wakakua wakawa walimu na wahasibu. Wapo watakaosema mkimbizi anataka unga na turubai. Ni kweli, anavitaka, na aletewe haraka. Lakini mchana kambini ni mrefu, na mtoto asiyepewa hadithi hujitengenezea: kuna vikundi vya watoto vinavyocheza kuchomana nyumba. Hilo halijamsumbua mtu wa kutosha.

Habari njema ni kwamba dola 70 si lazima. Januari 2023, baada ya wachezaji kuigomea mipango mipya ya leseni, Wizards ilitoa kanuni za msingi za mchezo chini ya leseni huru. Yeyote anaweza kuzitafsiri, kuzibadilisha na hata kuuza kazi yake, mradi ataje zilikotoka. Ulimwengu wa Spelljammer haumo katika ruhusa hiyo. Hasara iko wapi? Nchi hii ina anga yake ya kusimulia: mwaka 1977 kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ilirusha roketi kutoka Shaba, na Juni 1978 nyingine ikaanguka mbele ya Mobutu mwenyewe. Mto upo, maporomoko yapo, merikebu za mbao zinazojazwa kupita kiasi zipo bandarini kila wiki. Waalimu na vijana wa komine wanaojua Kiingereza wanaweza kuanza na kurasa kumi tu za Kiswahili.

Dadu yenye pande 20 isipopatikana, vipande 20 vya karatasi vilivyoandikwa namba 1 hadi 20, ndani ya kopo la maziwa, vinafanya kazi ile ile.