Linux Haina Hatia

Amedai mwandishi mmoja kwamba kibodi isiyo na waya ikinyamaza katika kompyuta ya Linux, dawa ni kuing'oa Linux yenyewe. Hukumu ya ajabu, iliyopitishwa kabla ya shahidi yeyote kuulizwa! Kibodi hiyo mara nyingi huzungumza, kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, na kipokezi kilichochomekwa katika tundu la USB, nacho kwa kawaida hujitambulisha kama kibodi ya desturi, ambayo Linux huifahamu bila kufundishwa. Na aingie katika mipangilio ya BIOS, ambako Linux haijaamka bado: kibodi ikiwa bubu hata huko, mshitakiwa hakuwapo. Diski ya USB 3.0 iliyo jirani huweza kuyavuruga mawimbi hayo, hilo hakulitaja. Betri nazo kazisahau kabisa, ilhali zauzwa madukani hapa Longisa.