Wafu wasio na majina



Mabishano juu ya filamu hayakosekani mahali popote vijana wanapokutana: baada ya mazoezi ya kwaya, kwenye vituo vya pikipiki, mbele ya nyumba za video. Sisi makatekista na walimu tunayasikia, kwa kuwa tunaishi kati yenu. Mnajua ni sehemu ngapi zimekwisha kutoka za kila filamu kubwa ya mapigano, nani aliigiza katika ipi, na ipi imeipita nyingine. Katika mabishano hayo imeenea hukumu moja ambayo leo tunataka kuipinga wazi: kwamba sehemu mpya ni bora kuliko ya kwanza kwa sababu ndani yake wanakufa watu wengi zaidi, na kwamba anayeona ubaya hapo ni mzee asiyejua burudani, kwa maana "ni filamu tu".

Hatuandiki ili kuwafukuza mbele ya vioo. Wapo wazee wanaosema kwamba sinema yote ni ya shetani. Hao nao tunawapinga. Papa Pius wa XI aliandika juu ya sinema mwaka 1936, katika barua Vigilanti Cura. Papa Pius wa XII akairudia mada hiyo mwaka 1957 katika Miranda Prorsus, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaitolea vyombo vya upashanaji habari hati nzima, Inter Mirifica, tarehe 4 Desemba 1963. Hapa kwetu Kongo, miaka ya 1950, wamisionari wa Scheut kule Kasai walitengeneza wenyewe filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, zikifuatana moja baada ya nyingine. Kanisa halikuogopa picha inayotembea. Liliuliza tu picha hiyo inamzoeza mtazamaji kupenda nini, nasi tunauliza swali hilohilo.

Tazameni kwanza desturi ya filamu zenye sehemu nyingi. Rambo ya kwanza ilitoka mwaka 1982. Ndani yake karibu hakuna anayeuawa: askari mmoja anaanguka kutoka helikopta, na mwishoni shujaa mwenyewe analia kama mtoto mbele ya mkubwa wake wa zamani, akieleza jinsi vita vilivyomharibu. Ilikuwa hadithi ya mtu aliyejeruhiwa rohoni. Katika sehemu iliyotoka mwaka 2008 wanauawa watu zaidi ya 200. Jina ni lilelile na mwigizaji ni yuleyule, lakini kilio kimeondolewa na mahali pake zimewekwa maiti. Biashara ndiyo inayodai hivyo. Anayetaka kumuuzia mtu kile alichokwisha kukiona lazima amwongezee kipimo, na katika filamu za mapigano kipimo kinachoongezwa ni wafu.

Chukueni sasa ile ambayo wengi wenu mnaisifu kuliko zote, John Wick. Sehemu ya kwanza ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 24 Oktoba 2014. Mwanamume aliyefiwa na mkewe anauliwa mbwa aliyeachiwa na marehemu, naye anatoka kulipiza kisasi. Zikafuata sehemu za mwaka 2017, 2019 na 2023, na katika ile ya nne peke yake wanauawa watu zaidi ya 100. Tunamwuliza kila mpenzi wa filamu hiyo: mbali na wakubwa wachache, unaweza kumtaja mmoja wa hao wote kwa jina lake? Je, mmoja wao ana mama? Nani alimzika? Huwezi kujibu, na kosa si lako. Wametengenezwa hivyo makusudi, waanguke bila uso wala jina, tusije tukawahurumia na starehe ikakatika.

Oktoba 2014. Hakuna mtu wa Beni asiyeujua mwezi huo. Ndipo mauaji ya raia yalipoanza katika viunga vya mji na katika vijiji vinavyouzunguka, kwa panga na mashoka. Hatusemi kwamba filamu ndiyo iliyoyaleta. Anayesema hivyo anawapunguzia wauaji dhambi yao. Tunasema kwamba msiba wetu nao umekuwa na sehemu zake zinazofuatana. Mwezi wa Agosti 2016 ilikuwa Rwangoma. Mwezi wa Julai 2025 ilikuwa Komanda, katika Ituri, ambapo watu zaidi ya 40 waliuawa usiku mmoja, wakiwamo waamini waliokuwa wamekusanyika parokiani kwa kesha la sala. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo ilikuwa Ntoyo, katika Lubero, ambapo watu zaidi ya 60 waliuawa, wengi wao wakiwa matangani, wamekuja kumlilia marehemu.

Nasi tumeanza kuyapokea kama watazamaji. Redio inatangaza kwamba wamekufa watu kumi na watano. Tunauliza ni wapi, tunapima umbali kutoka kwetu, kisha tunaendelea kula. Ikitajwa idadi ndogo, wapo wanaosema kwamba safari hii si wengi. Ndugu vijana, sentensi hiyo ni ya nyumba ya video. Anayeitamka amekwisha kuzoea kupima kifo kwa wingi wake, na kuona kwamba wachache hawastahili kukatiza mazungumzo. Hapo ndipo neno "ni filamu tu" linapogeuka kuwa uongo, kwa sababu jicho lililofundishwa gizani ndilo tunalotoka nalo barabarani.

Mtatujibu, na jibu lenu lina uzito: "Tunaishi katika hofu mchana na usiku. Jioni tunataka kupumzika, kumwona mtu mmoja anayewashinda wabaya." Tunalielewa. Aliyekimbia kijiji chake na kuacha shamba lake la kakao ana haki ya kuota ndoto ambamo mwenye silaha anashindwa. Mapumziko ni haki, na kicheko cha msimulizi anayetafsiri kwa Kiswahili ni dawa kwa wengi. Lakini tazameni ndoto hiyo inavyojengwa. Inaanza kwa mtoto kuona baba yake akiuawa, na inamalizika mtoto huyo akiwa amekuwa muuaji mwenye ufundi kuliko wale wa kwanza. Kati ya mwanzo na mwisho hakuna hakimu, hakuna shahidi, hakuna padri, hakuna jirani. Yuko yeye na bunduki yake tu. Katika nchi ambamo kila kilima kina kundi lenye silaha linalotafuta vijana wenye uchungu, ndoto hiyo si ya mapumziko tena. Ni wito, na wapo wanaousubiri muuitikie.

Tunawakumbusha tukio moja la kweli. Tarehe 1 Februari 2023, mjini Kinshasa, Papa Fransisko alikutana na watu walioumizwa na vita vya mashariki. Kati yao alikuwamo kijana wa jimbo letu la Butembo-Beni, ambaye baba yake aliuawa mbele ya macho yake. Kila filamu ya kisasi inaanza hapo alipoanzia yeye. Lakini kijana huyo alichukua panga linalofanana na lile lililomuua baba yake, akaliweka chini ya msalaba wa Kristu. Dunia nzima ilimwona. Mtu atuonyeshe katika sehemu zote nne za John Wick tendo moja linalohitaji nguvu kama hiyo. Tena asitokee wa kusema kwamba kusamehe ni kunyamaza. Kijana yule hakunyamaza. Alisimama mbele ya Baba Mtakatifu na mbele ya ulimwengu, akaeleza waliyotendewa.

Kwa sababu hiyo, kama ni kuchagua kati ya filamu zenye sehemu nyingi, sisi tunazitetea zile za upelelezi. Najua wengi wenu mnaziona baridi: maneno mengi, risasi chache. Lakini angalieni kinachotokea ndani yake. Anakufa mtu mmoja, na kwa ajili ya huyo mmoja milango inafungwa, hakuna anayeondoka, kila mtu anaulizwa alikuwa wapi na alifanya nini. Hercule Poirot, mpelelezi aliyebuniwa na Agatha Christie, haridhiki mpaka ukweli usemwe mbele ya wote. Filamu hizo nazo zina upungufu wake: mara nyingi zinakigeuza kifo kuwa mchezo wa akili, na marehemu huwa tajiri asiyeliliwa na mtu. Hata hivyo zinashika jambo ambalo zile nyingine zimelitupa, yaani kwamba kifo cha mtu mmoja kinadai jibu.

Filamu ya tatu ya mpelelezi Benoit Blanc, iliyotoka mwaka 2025 na kuitwa Wake Up Dead Man, inakwenda mbali zaidi. Padri kijana anashukiwa kuua. Yeye na mpelelezi wanampigia simu mwanamke mmoja kutafuta habari muhimu, na ghafla mwanamke huyo anamwomba padri amwombee, kwa kuwa mama yake yuko karibu kufa. Padri anauacha upelelezi, anajitenga, anasali pamoja naye kwenye simu. Hadithi nzima inasimama na kumngojea mgonjwa ambaye hatumwoni. Mtengenezaji wa filamu za mapigano angekikata kipande hicho kwa sababu kinachelewesha. Kwetu sisi ndicho kinachofanya filamu hiyo istahili kutazamwa na Wakristu.

Wala jambo hilo si geni kwetu. Mpelelezi wa kwanza katika Maandiko Matakatifu ni Mungu mwenyewe. Fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 4. Abeli amekufa, naye Bwana anamwuliza Kaini ndugu yake yuko wapi. Anamtaja Abeli kwa jina, anaisikia damu yake inayolia kutoka ardhini, anamfichua muuaji na kumhukumu. Kisha anamtia Kaini alama ili mtu yeyote asimuue kwa kisasi. Ukweli umetafutwa mpaka ukapatikana, na mlango wa kisasi umefungwa. Yote mawili katika sura moja. Filamu za mapigano zinafuta la kwanza na kuvunja la pili.

Mkitaka shujaa, tunaye wa karibu. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana mlei wa Goma, mfanyakazi wa forodha, mwanajumuiya wa Sant'Egidio. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipitishwe na kuwadhuru watu. Mwaka 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri mjini Roma. Hakupiga risasi hata moja, na waliookolewa na uamuzi wake hawajui kwamba waliokolewa. Wapo miongoni mwenu wanaopiga filamu fupi kwa simu zao, na tumeziona: bastola za mbao, kisasi, milio iliyoigwa kutoka Marekani. Kwa nini msipige hadithi ya Floribert?

Basi tunayapendekezea makundi yote ya vijana mambo mawili. La kwanza: mkitazama filamu pamoja, msiachane kabla ya kuulizana nani amekufa ndani yake na nani amemlilia. Filamu isiyoweza kujibu, muiite kwa jina lake bila kuona haya. La pili ni zito zaidi. Kila parokia ina watu wake waliouawa tangu mwaka 2014, na mara nyingi tumebaki na idadi peke yake. Nendeni kwenye jumuiya zenu hai, mwulize familia kwa upole na kwa ridhaa yao, mwandike majina katika daftari: jina, umri, kijiji, siku. Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wote, mwombeni paroko ruhusa majina hayo yasomwe kanisani, moja baada ya jingine, hata kama misa itachelewa kumalizika. Injili ya Yohane inatufundisha kwamba mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake, wala hakuna mahali inaposema kwamba aliwahesabu kisha akaendelea na safari.