Mwanaharakati Si Mtu wa Haraka

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alinijia ofisini muhula uliopita, akaniarifu kwamba ameachana na mambo ya kutetea haki. Alikuwa miongoni mwa vijana walioandamana Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha. Mswada uliondolewa, naam, lakini makumi ya watu waliuawa, wengine wakatekwa nyara, na maisha hayakuwa nafuu. "Mwalimu, tulipata nini?" akaniuliza.

Swali hilo si la kubezwa. Sisi walimu tukilijibu kwa hotuba za "msife moyo", tutakuwa tunawahadaa watoto wa watu.

Nianze na neno lenyewe, madhali hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Haraka na harakati yametokana na shina moja la Kiarabu lenye maana ya mwendo. Kiswahili kimeyatenga: la kwanza likapewa kasi, la pili likapewa juhudi za kuendelea. Hata hivyo wengi wetu tungali tunamdhania mwanaharakati kuwa mtu wa haraka, leo barabarani, kesho ushindi. Kesho ikija mikono mitupu, moyo hufa.

Akina mama walioingia bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mwishoni mwa Februari 1992 hawakuwa na haraka hiyo. Wengi walikuwa wazee wa mashambani ambao wana wao walifungwa kwa sababu za kisiasa. Hawakudai kuiandika upya katiba. Walidai jambo moja: wafungwa wapatao 50 waachiliwe. Wakaketi, wakakataa kula. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na vitoza machozi. Wangari Maathai, aliyekuwa pamoja nao, alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya akina mama walivua nguo, kitendo ambacho katika mila zao ni laana. Kwa kipimo cha mwanafunzi wangu, harakati hizo zilishindwa siku hiyo ya tano.

Wao wakahamia kanisa kuu la All Saints, karibu na bustani hiyo, wakakaa humo takriban mwaka mzima. Sidhani walidumishwa na matumaini pekee, kwani matumaini hupanda na kushuka kama bei ya sukari. Kila asubuhi walijua wanamdai nani na wanadai nini, na hakuna aliyedai peke yake. Kufikia mapema 1993, karibu wafungwa wote walikuwa wameachiliwa.

Msomaji asidhani hadithi iliishia hapo. Koigi wa Wamwere, ambaye mamaye alikuwa mmoja wa akina mama hao, aliachiliwa Januari 1993, akakamatwa tena mwaka huo huo, asitoke hadi mwishoni mwa 1996. Ushindi wetu mwingi ni wa namna hiyo, wa kupatikana na kunyang'anywa.

Nilimshauri kijana yule apumzike kwanza, bila kuona haya. Kisha, akiwa tayari, aache kuibeba Kenya nzima kichwani. Achague kesi moja ya aliyeuawa au kutekwa, atafute wenzake wawili, waifuatilie hata magazeti yatakapoisahau.

Hakuniahidi lolote. Majuma mawili baadaye alirudi kuomba ruhusa ya kukosa kipindi cha Alhamisi. Alikuwa anakwenda mahakamani.