Siki ya Tembo Haitaki Pupa

Kachumbari bila siki ni ya kubahatisha, hilo kila nyumba ya Mswahili yalijua. Lakini siki ya tembo la mnazi, waliyokuwa wakiiweka mabibi zetu, siku hizi ni ya kutafutwa.

Kazi yake kubwa ni kungoja. Utomvu ukidondoka kutoka kwenye karara hadi kitomani, huingiwa na hamira ya mwitu ambayo hakuna aliyeitia. Baada ya saa chache hutoa povu, na kabla siku haijaisha limekuwa kileo. Wengine huishia hapo. Hapo si petu. Mtaka siki hulifunika kwa kitambaa lipate hewa, akaliacha majuma kadhaa. Vijidudu vingine, ambavyo Pasteur wa Ufaransa alivieleza mwaka 1864, hukigeuza kileo kikawa ukali.

Wala kungoja huku si kwa ajili ya ladha peke yake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika kwamba pombe iliyogeuzwa siki kwa kutupiwa mkate, kitunguu au hamira haitahiriki. Ikigeuka yenyewe, hutahirika. Ndiyo kauli ya madhehebu ya Shafii, yaliyoenea mwambao wetu.

Basi anayelitupia tembo kitu ili aharakishe, ajiulize anawauzia jirani zake nini. Nasi wanunuzi tusome vibandiko: baadhi ya siki nyeupe za madukani ni asidi iliyozimuliwa kwa maji tu. Si haramu, lakini achari ya embe haidanganyiki.

Wazee wanaoijua kazi hii na wawaonyeshe vijana kabla ya msimu ujao wa maembe.