Karatasi Hiyo Mimi Sisaini

Wanajumuiya, karatasi inayozunguka bweni kwa bweni nimeiona. Inaomba maswali ya "thibitisha" yaondolewe kwenye tesiti za nadharia ya namba, tubaki na ya kukokotoa tu. Mimi nilipata 9 kwa 40, kwa hiyo msiseme ni maringo ya mtu aliyefaulu. Bado sisaini.

Swali lililoniangusha nililijibu hivi: nikajaribu mifano mitano, yote ikakubali, nikaandika "imethibitika". Nikala sifuri. Nilinuna wiki nzima, mpaka nilipokutana na 4294967297.

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliichukua 2, akaipandisha kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara akijumlisha 1. Akapata 3, 5, 17, 257 na 65537, zote namba tasa. Akaamini zinazofuata nazo zitakuwa tasa. Na huyo si mtu wa kudesa, ni Fermat! Inayofuata ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1, ndiyo hiyo niliyoitaja. Ni witiri, inaishia na 7, ukiigawa kwa 3, 7, 11 au 13 inabakiza. Ukiitazama tu, utaapa ni tasa.

Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba ni 641 mara 6700417. Zidisheni wenyewe kwa mkono muone. Ila kilichonikosha mimi ni njia. Euler alikuja kuthibitisha kwamba namba tasa yoyote inayoigawanya hiyo bila baki lazima yenyewe ibakize 1 ukiigawa kwa 64. Basi huna haja ya kuhangaika na namba tasa zaidi ya mia moja. Unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641. Jaribio la tano, umefika! Yaani uthibitisho tunaotaka ufutwe ndio unaopunguza hiyo kazi ya kukokotoa tunayoililia.

Baada ya 65537, mpaka leo hakuna tasa nyingine iliyopatikana kwenye mstari ule wa Fermat.

Lakini jamani, maswali matano ya uthibitisho kwa saa moja ni uonevu, na semina mbili kwa muhula mzima ni aibu. CR akileta karatasi ya kuomba muda na semina, chumba changu anakijua.